Kiboko: Mnyama wa Ziwa na Mjeledi wa Serikali

Katika nchi nyingi watu husafiri hadi miji ya pwani kwa ajili ya kuwatazama wanyama wa majini wanaojitokeza nchi kavu. Mjini San Francisco, Marekani, simba wa bahari walianza kujilaza kwa wingi juu ya magati ya mbao mnamo mwaka 1990, na tangu hapo wageni wamekuwa wakimiminika kwenda kuwaona. Pwani yetu ya Afrika Mashariki haina simba wa bahari. Lakini mwalimu atokaye Mombasa, Tanga au Unguja, akipanda bara hata akafika Bujumbura, atakuta kwamba mji ule usio na bahari nao una wanyama wake wa majini ambao mgeni hupelekwa kuwatazama. Wanyama hao ni viboko wa Ziwa Tanganyika.

Mgeni aliyefikia mtaa wa Nyakabiga ataambiwa na wenyeji wake kwamba jua likipungua ukali ashuke ufukoni akawaone. Naye akitaka kuieleza safari yake kwa Mrundi ambaye hakuzoea Kiswahili, akamwambia kuwa anakwenda kutazama kiboko, huenda mwenzake akamkodolea macho. Kwa Kirundi mnyama huyo huitwa *imvubu*. Neno *ikiboko* nalo limo katika Kirundi, lakini maana yake si mnyama. Maana yake ni mjeledi. Kiswahili kililipeleka neno hili Burundi likiwa na maana mbili, na Warundi wakaipokea moja tu, ile ya kupigwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kwa nini linatuhusu sisi tunaofundisha lugha hii.

Mtaa na ziwa

Nyakabiga ni mmojawapo wa mitaa ya kale ya Bujumbura iliyokaliwa na Waafrika. Umepakana na Bwiza, na upande wake wa juu uko karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi huko Mutanga. Mto Ntahangwa, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukimega kingo zake na kutishia nyumba zilizo karibu, hupita jirani ukielekea ziwani. Si mbali na hapo ni Buyenzi, mtaa ujulikanao kuwa makao makuu ya Waswahili wa mji huo, ambamo wajukuu wa watu wa Ujiji, wa Manyema na wa pande nyingine za ziwa wanaishi pamoja na Warundi. Kwa hiyo mtoto wa Nyakabiga husikia Kirundi nyumbani, Kifaransa shuleni na Kiswahili sokoni.

Kutoka mtaani humo mtu huteremka akaukata mji, na kabla hajachoka sana hujikuta mbele ya ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Ng'ambo huonekana milima ya Kongo. Wavuvi huvua ndagala na mukeke, na upande wa kaskazini magharibi Mto Rusizi huingia ziwani kwa mikono kadhaa iliyozungukwa na matete. Huko kwenye matete ndiko kwenye maskani ya viboko, na eneo hilo limekuwa hifadhi tangu mwaka 1980.

Mnyama mwenyewe

Kiboko ni mnyama mzito. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 2,000. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Hutokwa na ute mwekundu unaoikinga, na watu wa kale walidhani kuwa ni jasho la damu. Ajapokuwa mnyama wa maji, kwa kweli haogelei kama samaki, bali hutembea juu ya sakafu ya ziwa na kujisukuma, kisha huibuka kila baada ya dakika chache ili kuvuta pumzi. Usiku hutoka akaenda malishoni, na kwa usiku mmoja hula kiasi cha kilo 40 za majani. Wataalamu wa siku hizi wamethibitisha kwamba miongoni mwa wanyama wote walio hai leo, ndugu zake wa karibu kabisa si nguruwe, kama ilivyodhaniwa zamani, bali ni nyangumi.

Mataifa mengi yalimtazama yakashindwa kumpa jina lake mwenyewe, yakamwazimia la mnyama mwingine. Wayunani walimwita farasi wa mto, nao Waarabu husema vivyo hivyo. Makaburu wa Afrika Kusini walimwita ng'ombe wa bahari. Ni desturi ile ile iliyomfanya mnyama wa San Francisco aitwe simba. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kina *kiboko*, na katika kamusi za zamani lipo pia neno *tomondo*, ambalo leo ni wachache walijualo. Yote mawili ni majina yanayomtaja yeye mwenyewe, wala hayamfananishi na mwingine.

Ngozi yageuka chombo

Biashara ndiyo iliyoanza kumtenganisha mnyama huyu na jina lake. Meno yake ni magumu na meupe, wala hayageuki rangi upesi kama pembe ya ndovu. Kwa sababu hiyo yalitakiwa sana Ulaya na Marekani kwa kuchongea meno ya bandia. Meno ya bandia aliyotengenezewa Rais George Washington mwaka 1789 yalikuwa na msingi uliochongwa kwa jino la kiboko. Ngozi yake nayo, ambayo mahali pengine mwilini hufikia unene wa sentimita tano, ilikatwa ingali mbichi vipande virefu vyembamba, ikakaushwa juani, ikasokotwa. Kilichopatikana ni fimbo nyumbufu yenye kingo kali, ambayo pigo lake huchana nyama.

Waswahili walikiita chombo hicho kwa jina la mnyama aliyetoa ngozi. Si ajabu, maana lugha nyingi hufanya hivyo. Neno letu *mjeledi* lenyewe limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya ngozi na ya kupiga pia, na katika shina hilo hilo tumepata *jalada* la kitabu. Hivyo mwalimu ashikaye kitabu na mlinzi ashikaye mjeledi wameshika maneno ya ukoo mmoja.

Wazungu wa kwanza kuufikia upande wa kaskazini wa ziwa walikuja pamoja na watu wa misafara waliozungumza Kiswahili. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858. Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwaka 1871, wakahakikisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki, na kwa hiyo hauwezi kuwa chanzo cha Mto Nile. Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, pana jiwe lililochongwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Katika safari hizo zote viboko walikuwa bado ni wanyama, wakiogopwa kwa kupindua mitumbwi na wakiwindwa kwa nyama yao.

Usumbura ya Wajerumani

Mambo yalibadilika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi ufukoni mahali walipopaita Usumbura. Kutoka hapo walipigana na Mwami Mwezi Gisabo hata wakamlazimisha kufanya nao mkataba huko Kiganda mwezi Juni 1903. Askari wao walitoka sehemu mbalimbali za Afrika, na lugha iliyowaunganisha wao kwa wao, na iliyowaunganisha na wakubwa wao, ilikuwa Kiswahili. Kwa Warundi wengi wa milimani, basi, Kiswahili kiliingia masikioni kwa mara ya kwanza kikiwa lugha ya kambi, ya kodi na ya amri.

Pamoja na amri hizo ilikuja adhabu yake. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka mipaka ya kupiga watu katika makoloni: kwa mara moja viboko visizidi 25, na wanawake, Waarabu na Wahindi wasipigwe. Mipaka hiyo, mtu akiitafakari, inaeleza zaidi kuliko ilivyokusudia. Ilitangaza waziwazi kwamba mgongo uliohalalishwa kupigwa ni wa mwanamume Mwafrika. Hesabu ile ya 25 ilijulikana kotekote katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani kwa maneno ya Kiswahili, *hamsa ishirini*, na wazee wa Tanganyika waliendelea kuitaja kwa jina hilo miaka mingi baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka.

Wabelgiji na neno lililobaki

Mwezi Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Usumbura. Baadaye Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.

Watawala hawa wapya hawakuwa wageni wa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili tangu mwaka 1885 hadi 1908, mjeledi huo ulikuwa chombo cha kila siku cha kulazimisha watu kukusanya mpira na pembe. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alimwandikia mfalme huyo barua ya wazi iliyomshtaki kwa mateso ya Wakongo, na miongoni mwa aliyoyataja ni mjeledi huo wa ngozi mbichi ya kiboko. Serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Kongo haikuufuta. Iliupunguza kidogo kidogo: mwaka 1951 idadi ya juu ilifikishwa mapigo manne, na adhabu yenyewe ilifutwa mwishoni tu mwa miaka ya 1950, uhuru ukiwa mlangoni.

Katika Burundi mjeledi huo uliambatana na kazi za lazima: kutengeneza barabara, kulima mihogo, na kuanzia miaka ya 1930 kupanda kahawa. Mtawala alimbana chifu, chifu akambana chifu mdogo, na mwishowe uzito wote ukamwangukia mkulima. Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa lilihimiza zaidi ya mara moja adhabu hiyo ikomeshwe katika Ruanda-Urundi. Hapo ndipo *ikiboko* lilipotia mizizi katika Kirundi, na katika Kinyarwanda pia. Mkulima wa milimani hakuwa na haja ya jina jipya la mnyama wa ziwani, kwa kuwa alikuwa na *imvubu* lake tangu zamani. Alihitaji jina la kitu kipya kilichomfikia mgongoni, akalichukua lile lililotamkwa na aliyekishika.

Ng'ambo ya ziwa, kumbukumbu hiyo iliingia hata katika sanaa. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, akiwamo Tshibumba Kanda Matulu, walichora mara nyingi picha zilizoitwa kwa Kifaransa *Colonie belge*: mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika ameinua mjeledi, na afisa Mzungu amesimama akitazama. Picha hizo zilinunuliwa na watu wa kawaida wakazitundika sebuleni. Wenye nyumba hizo walisema Kiswahili, na kwa Kiswahili waliwasimulia watoto wao maana yake.

Sarufi na historia

Sasa tulirudie neno kwa macho ya mwalimu. Katika Kiswahili sanifu mnyama na mjeledi huandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini sarufi huvitenganisha. Tunasema *kiboko yule ametoka majini*, kwa kuwa ni kiumbe mwenye uhai. Tunasema *kiboko kile kimetundikwa ukutani*, kwa kuwa ni kitu. Viboko *hawa* wanakula majani. Viboko *hivi* vinaumiza. Tofauti ya kiumbe na chombo imebebwa na kiambishi kidogo tu.

Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Bujumbura, kama katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, upatanisho huu hulegea mara nyingi, na mnyama huweza kutajwa kwa *ki-* kama kitu. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wasemaji wake, kwani kila lahaja ina kanuni zake. Ila mwalimu wa Nyakabiga, ambako Kiswahili kimekuwa kikifundishwa shuleni tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, anapofundisha upatanisho wa viumbe, hana mfano bora kuliko huu. Mwanafunzi wake tayari analijua *ikiboko* kutoka kwa babu yake. Akielezwa kwamba neno hilo, likipewa upatanisho wa uhai, ni *imvubu* wa ziwa lake mwenyewe, hatausahau upatanisho huo wala historia iliyomo ndani yake.

Ipo maana ya tatu. Mtu hodari asiyeshindika huambiwa leo *yeye ni kiboko*, na msemaji haoni karaha yoyote. Lugha ina uwezo huo wa kulisafisha neno kwa matumizi. Hata hivyo kuna mahali ambapo neno halijasafika, napo ni darasani. Nchini Tanzania kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi apigwe viboko visivyozidi vinne, na kwa lugha ya kawaida hiyo ndiyo *adhabu ya viboko*, ingawa kinachotumika siku hizi ni fimbo ya mti wala si ngozi ya mnyama. Kenya iliipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Hatutaki kuhukumu hapa ugomvi wa wazazi na walimu juu ya malezi, maana kila upande una hoja zake. Twataka wenzetu walione tu jambo moja: hesabu ya nne iliyomo katika kanuni hizo ndiyo ile ile ambayo Wabelgiji waliifikia huko Kongo mwaka 1951, walipokuwa wakitafuta kiasi ambacho dunia ingekivumilia. Mwalimu wa Kiswahili ashikaye fimbo mkononi huku akiisomesha historia ya mkoloni, wanafunzi wake wanamsikiliza kwa masikio na kwa macho pia.

Mnyama naye anatoweka

Wakati neno linazidi kuenea, mwenye jina anapungua. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, ambako katikati ya miaka ya 1970 palikuwa na viboko zaidi ya 25,000, hesabu ya mwaka 2005 ilikuta chini ya 1,000. Waliuawa na watu wenye silaha kwa ajili ya nyama na meno. Biashara ya kimataifa ya meno ya kiboko iliwekewa masharti mwaka 1995, lakini sheria haifiki mahali ambapo serikali yenyewe haifiki. Samadi ya viboko huyarutubisha maji na kuwalisha viumbe wadogo ambao samaki huwategemea. Kwa hiyo kumpoteza mnyama huyu ni jambo linalomgusa hata mvuvi asiyempenda.

Katika Bujumbura shida imechukua sura nyingine. Mji umepanuka kufuata ufuko, na malisho ya usiku yamegeuka viwanja na bustani. Aidha, kiwango cha ziwa kimepanda sana miaka ya karibuni. Mwaka 2024 maji yaliingia katika bandari, katika hoteli za ufukoni na katika nyumba za Gatumba. Maji yakisogea mbele, viboko nao husogea, na mwenye nyumba hustuka kumwona mnyama wa kilo elfu mbili akila majani ya uani. Mnyama huyo si wa kuchezewa. Akitenganishwa na maji, au akiwa na mtoto, hushambulia bila kutoa onyo, na kwa mbio za masafa mafupi humpita binadamu. Simba wa bahari aweza kulala gatini huku watu wakimpiga picha kwa karibu. Kiboko hutazamwa kwa mbali, kukiwa na ukuta au maji mengi katikati, na kabla ya giza kuingia.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake ufukoni kwa sharti hilo atawapa somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa. Awaache kwanza watazame: masikio madogo yanayotikisika juu ya maji, pua inayofoka, mgongo unaoibuka na kuzama. Kisha awaulize wanamwitaje nyumbani, na babu zao walilitumiaje neno *ikiboko*. Awaandikishe sentensi mbili tu, moja ya mnyama na moja ya mjeledi, kila moja kwa upatanisho wake. Watakaporejea Nyakabiga watakuwa wamejifunza sarufi, wamejifunza historia ya nchi yao, na wamemrudishia mnyama wa ziwa lao jina ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa waliowapiga wazee wao.